Baba wa mtoto amesaini karatasi ya "kuachilia haki zote". Na mimi nisaini?

Mama_wa_Katuba aliuliza:

Habari zenu wote. Nina neno limenizidi kimo, na nyumbani kila mtu amekwisha kuwa hakimu, basi nalileta hapa kwa wanaojua sheria ya Kongo. Ya Kongo, tafadhali. Msiniletee ya Ufaransa wala ya kwenye filamu.

Nina binti, yuko darasa la sita la msingi. Baba yake hatukuoana. Alikuja kwetu na mjomba wake kujitambulisha, wakala kuku, wakasema watarudi na mahari. Kisha akapata kazi Kolwezi, kwenye sosiete ya madini, na habari ya mahari ikafia njiani. Lakini mtoto alipozaliwa alikuja mwenyewe komini (ofisi ya manispaa), tukaandikisha pamoja. Jina lake liko kwenye akti ya kuzaliwa na saini yake iko. Hilo nalisema mapema maana najua ndilo mtakaloniuliza kwanza.

Mwanzoni alikuwa akituma pesa. Akaoa huko kwa eta sivili (ofisi ya ndoa ya serikali), pesa ikawa ya kuombwa, kisha ya kugombezwa, kisha simu ikawa inapokelewa na mkewe. Mimi nauza unga na makala (makaa ya kupikia), sikufa. Minervali (karo ya shule) inalipwa, bukari (ugali) iko mezani. Ila mwaka huu mtoto ameugua, nikachoka, nikampigia nikamwambia: nitakwenda tribinali (mahakamani). Hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo nilipaswa kuogopa. Baada ya siku chache akamtuma mdogo wake na karatasi iliyochapwa vizuri kabisa, kurasa mbili.

Nafupisha: mimi fulani, baba mzazi wa mtoto fulani, naachilia haki zangu zote juu yake, sitamchukua, sitamtembelea, sitakula mahari yake. Na mama yake naye anaachilia kunidai kitu chochote, leo na kesho, na mtoto hatakuwa na dai lolote kwenye urithi wangu. Yeye amekwisha kusaini. Shahidi mmoja amesaini. Imebaki nafasi yangu na ya shahidi wangu, kisha mdogo wake anasema wataipeleka kwa notere (mthibitishaji wa hati) ipigwe muhuri "ipate nguvu".

Sasa nisikilizeni vizuri kabla ya kunitukana. Nusu yangu inataka kusaini. Si kwa sababu ya pesa, pesa yake nimekwisha kuizoea kutokuwepo. Ni hiyo ya mahari. Hapa kwetu kuna binti aliyelelewa na mama peke yake, mama anauza samaki, mtoto akasoma hadi grada (shahada ya chuo kikuu). Siku ya mahari baba akashuka kutoka alikokuwa, suti, kofia, viatu vya ncha, akakaa kiti cha mbele na kuhesabu bahasha. Mama mtu yuko jikoni anapindua bukari ya wageni wake. Niliapa kwamba kwangu haitatokea. Basi kama huyu anaandika kwa mkono wake kwamba hatakula, je, si ameniokoa?

Kuna na lingine. Kuna mtu mwema ambaye tunakwenda kuoana mwaka huu, mtoto anamwita papa bila kufundishwa. Yeye anasema yuko tayari kumchukua kama wake, kwa jina na kwa kila kitu. Anaona hiyo karatasi inamfungulia mlango.

Baba yangu ni Muluba, amesema mtoto ni wa baba yake, damu haisainiwi, na nikisaini nisikanyage kwake. Upande wa mama yangu ni Wabemba. Mama mdogo alicheka hadi akakaa chini: mtoto ni wa kwetu tangu tumboni, huyo bwana anaachilia nini ambacho aliwahi kuwa nacho? Mimi niko katikati yao na kalamu.

Ninachotaka kujua: nikisaini, deni lake kwa mtoto linakufa kweli? Urithi je? Yeye akigeuka kesho kutwa, karatasi inamzuia? Na mume wangu ataweza kumchukua mtoto kwa sheria? Tena kuna safari. Huwa napita mpaka wa Kasumbalesa kwenda kununua mali Kitwe, Zambia, na siku nikitaka kwenda na mtoto wanauliza idhini ya baba. Hiyo karatasi ingenisaidia hapo?

Kijana_wa_Kenya alijibu:

(Kenya ya hapa Lubumbashi, jamani, msiniulize habari za Nairobi.) Mama, mtu anayekimbia deni huwa haleti karatasi ya kumwumiza yeye mwenyewe. Imechapwa na nani? Imelipiwa na nani? Mimi ningeanzia hapo.

Grefye_Mstaafu alijibu:

Mama wa Katuba, nilikaa kwenye grefe (ofisi ya karani) ya tribinali tangu kijana mpaka mvi, na karatasi za aina hii nimezipokea za kila rangi: za mkono, za mashine, nyingine zimeandikwa nyuma ya kalenda. Nakujibu kwa urefu, nivumilie.

Sheria yetu ya familia ni ile ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016. Kifungu cha 591 kinasema kwamba kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Kisome mara mbili. Hakikuandikwa kwa ajili yako wala kwa ajili ya huyo bwana. Kimeandikwa kwa ajili ya mtoto, na ndiyo sababu ninyi wawili hamwezi kukifuta kwa kalamu.

Mamlaka ya wazazi juu ya mtoto ambaye hajafika miaka 18 ni ya baba na mama pamoja. Watu wanaifikiria kama mali: ninayo, sitaki tena, nakupa. Lakini ni kazi ambayo sheria imempa mzazi. Hakimu anaweza kukuvua kazi hiyo. Kujivua mwenyewe sebuleni, mbele ya mdogo wako na shahidi mmoja, hakupo. Na muhuri wa notere usikutishe. Notere anathibitisha kwamba watu hawa walisaini tarehe hii. Jambo lililokatazwa na sheria haliwi halali kwa kupigwa muhuri.

Twende kwenye chakula, minervali na dawa. Hiyo ni haki ya nani? Wewe unaipokea kwa niaba ya mtoto, unaipika, unaipeleka shuleni, lakini si yako, na huwezi kumsamehe mtu deni analodaiwa na mwingine. Hata ukisaini leo, kesho unaweza kwenda tribinali kudai matunzo na hakimu atakupokea. Ila avoka (wakili) wa huyo bwana atainyanyua karatasi ile juu: "Mheshimiwa, mama mwenyewe alikubali!" Hatashinda nayo, lakini atakupotezea muda, na utasimama pale unaelezea saini yako badala ya kuelezea njaa ya mtoto. Kwa hiyo karatasi ile, ambayo kisheria haimfungi yeye, kwa mazoea ya tribinali inakusumbua wewe.

Urithi. Hapa ndipo naona moshi unakotoka. Kifungu cha 758 kinaweka warithi wa kundi la kwanza: watoto wa marehemu wa ndani ya ndoa, wale wa nje ya ndoa aliowakubali akiwa hai, na wa kuasili. Kundi hilo linachukua robo tatu ya mali na wanagawana sawa kwa sawa. Binti yako alikubaliwa komini na baba yake mwenyewe. Siku bwana huyo akifa, binti wa Katuba atakaa mkeka mmoja na watoto wa Kolwezi, na fungu lake halitakuwa dogo kuliko lao hata kwa kikombe. Mtu fulani huko amekwisha kulifahamu hilo, na sidhani ni yeye bwana. Bahati nzuri sheria ya mikataba, ile ya zamani ya 30 Julai 1888 ambayo bado tunaitumia, inakataza mtu kuachilia urithi wa mtu ambaye bado yu hai, au kufanya mapatano juu yake, hata mwenye mali akikubali. Mstari ule wa urithi ni wino tu. Tena unaachilia kwa niaba ya mtoto mdogo! Hakuna hakimu atakayeutazama mara ya pili.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ileile ya familia, kifungu cha 765, inataja mrithi asiyestahili: mmojawapo ni yule ambaye kwa makusudi alivunja uhusiano wa kizazi na marehemu wakati wa uhai wake, na jambo hilo likathibitishwa mbele ya tribinali, baraza la familia likisikilizwa. Baba na mama wako kwenye kundi la pili la warithi wa mtoto wao. Binti yako Mungu ampe maisha marefu, ajenge, anunue viwanja hadi Kipushi. Likitokea lisilosemwa na baba mtu akashuka na kofia yake kudai, karatasi aliyosaini yeye mwenyewe kwamba "sitamchukua, sitamtembelea" ni ushahidi mnono dhidi yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na usicheke: usisaini, na usiirudishe. Saini yake iko. Ameandika "baba mzazi wa mtoto fulani". Amekiri ubaba mara ya pili baada ya komini. Ameandika kwamba hatafanya lolote. Katika maisha yangu ya grefe nimeona wamama wakihangaika kutafuta mashahidi wa mambo ambayo huyu wako amekuletea yamechapwa. Piga kopi, weka.

Na kama unachotaka ni amani, kuna njia yake. Unakwenda tribinali ya watoto. Tribinali hizo zililetwa na sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, na mambo ya uzazi, kuasili na matunzo ya watoto yako mikononi mwao. Unaomba ulinzi wa mtoto, yaani akae na alelewe kwako, uthibitishwe na pesa ya matunzo ipangwe. Ukiona uzembe wake ni mkubwa, unaweza kuomba avuliwe mamlaka ya mzazi. Lakini ujue matokeo yake. Aliyevuliwa hana tena sauti juu ya mtoto kukaa wapi, kusoma wapi, kusafiri. Uzazi haufi. Mtoto anabaki wake, jina linabaki, urithi unabaki, na kwa kuwa deni la matunzo linatoka kwenye uzazi, nalo linabaki. Mwanamume anayefikiri akivuliwa atapumzika kulipa amehesabu vibaya.

Baba yako na mama yako mdogo wote wawili wanasema mila zao, na siwezi kugombana na wazee. Mbele ya hakimu lakini, mtoto hawi wa Waluba wala wa Wabemba. Ana pande mbili, na zote mbili zina deni kwake.

Mama_Ruashi alijibu:

Dada, Grefye amesema ya tribinali, mimi niseme ya ndoa, maana mume wangu alimwasili mwanangu wa kwanza.

Kwanza kabisa fungeni ndoa eta sivili. Msianze habari ya kuasili wakati bado mnaitwa wachumba, mtazunguka bure. Pili, saini ya baba mzazi inahitajika kweli, lakini ni saini nyingine: ya kukubali mtoto aasiliwe, na hakimu ndiye anayeipokea. Huyo wako akisema anataka kuachilia, mwambie aje huko akaachilie. Utaona kama ataweza kupanda gari la Kolwezi kuja Lubumbashi.

Mtoto naye anasikilizwa. Wangu aliulizwa kwa upole sana, akamjibu hakimu kwamba papa huyu ndiye anayejua jina la mwalimu wake. Sikumfundisha. Mwanamama aliyekuwa anaandika aliacha kuandika.

Lakini elewa kitu kimoja ambacho hata mume wangu kilimchukua muda kukimeza. Kwa sheria yetu, mtoto akiasiliwa anakuwa mtoto wa aliyemwasili, anarithi kwake kama watoto wengine, halafu uhusiano wake na familia alikotoka haukatiki. Sheria inasema wazi kwamba anaubakiza. Mama mkwe wangu aliuliza: kwa hiyo tumemlipia mtu mwingine mtoto? Nikamwambia, mama, mmeongeza, hamkununua. Alininunia mpaka Noeli. Leo mjukuu huyo ndiye anamkata kucha.

Ya mahari: msitegemee tribinali, na msitegemee karatasi. Sheria inasema mahari inatolewa kwa wazazi wa binti, basi. Hiyo ni kazi ya kikao cha familia, na fanyeni kikao mapema, kabla hajafika mchumba yeyote. Kwetu wazee walikubaliana nani atakaa mbele na nani atapewa kitu cha heshima tu, ikaandikwa kwenye daftari la familia, wakasaini pande zote. Haina nguvu ya hakimu, ila ina nguvu ya aibu, na aibu kwetu inafanya kazi kuliko usye (mtekelezaji wa amri za tribinali).

Baba_wa_Likasi alijibu:

Ngoja niseme na mimi, mtanipiga mawe baadaye.

Si kila baba anayeletewa karatasi ya namna hiyo ameiandika. Mimi niliwekewa mezani na wazazi wa mama wa mwanangu. Walitaka nisaini kwamba simfahamu, kwa sababu binti yao alikuwa amepata mchumba wa Ulaya na mtoto alikuwa anaharibu hadithi. Nilikataa. Wakafunga geti. Nilikuwa natuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi na kuhifadhi ujumbe wa uthibitisho, kwa sababu rafiki alinionya: siku moja watasema ulimtupa. Na walisema. Nikaonyesha ujumbe wangu mmoja baada ya mwingine, hakimu akanipa siku za kumwona mtoto. Sasa yuko kidato cha juu, wikendi anakuja Likasi, anamaliza sukari yangu yote.

Ninachotaka kumwambia Mama wa Katuba: kabla ya kumpeleka, jaribu kuongea naye yeye. Si mdogo wake, si mkewe. Huenda anabanwa nyumbani. Kuna wanaume wanaosaini kitu chochote ili walale usiku mmoja kwa amani.

Mama_Ruashi alijibu:

Papa wa Likasi, pole yako na hongera yako. Lakini wewe ulikataa kusaini, yeye amesaini. Wewe ulitunza ujumbe wa pesa, yeye ametunza nini? Alale usiku mmoja kwa amani, mtoto alale na malaria. Hapana.

Baba_wa_Likasi alijibu:

Nimekusikia, mama. Sikumtetea, nimesema aongee naye. Hata hakimu atawauliza kwanza kama mmejaribu kuelewana.

Mama_wa_Katuba alijibu:

Nimesoma yote, nyingine nimemsomea mchumba wangu kwa sauti. Ile ya usirudishe karatasi imetuchekesha kisha ikatunyamazisha.

Nilimpigia jana, yeye mwenyewe, nikafuata neno la Papa wa Likasi. Alipokea nje, nasikia magari makubwa yakipita. Nikamwuliza karatasi ni ya nani. Akanyamaza, akasema "ni ya kutuliza nyumba". Nikamwuliza kama anajua kwamba mtoto bado atakuwa wake hata akisaini mara mia. Akasema avoka wa shemeji yake alimwambia vinginevyo. Kisha akasema neno lililonichoma: kwamba nikimpeleka mbele, atasema mtoto si wake.

Grefye, hilo linawezekana? Na kama likiwezekana mtoto anabaki bila baba? Mtu mmoja sokoni ameniambia kuna "baba wa kisheria" ambaye tribinali inampa mtoto, ni kweli?

Na ya pesa: anafanya kazi kwa watu wanaolipa vizuri. Hakimu akisema alipe, nani atamfuata Kolwezi?

Grefye_Mstaafu alijibu:

Vitisho vya simuni, mama. Kumkana mtoto uliyekwisha kumwandikisha si neno la kusema tu. Inabidi afungue kesi na athibitishe kwamba si yeye aliyemzaa, wakati wewe unaweka mezani akti ya kuzaliwa yenye saini yake, na pembeni kurasa mbili alimojiita mwenyewe "baba mzazi". Nakuambia tena, hiyo karatasi ni zawadi. Avoka wa shemeji, kama yupo kweli, angemkataza kuituma.

Baba wa kisheria yupo, huyo wa sokoni hakukosea. Ni kwa mtoto ambaye ubaba wake umeshindikana kujulikana. Hapo tribinali inamteua mtu, mara nyingi kutoka familia ya mama au aliyependekezwa na mama, achukue wajibu wa baba. Wako ana baba anayejulikana mpaka anapofanyia kazi. Hahusiki.

Ya Kolwezi isikusumbue kichwa. Mtoto anaishi Lubumbashi, anzia Lubumbashi. Na kwa kuwa bwana ana mshahara kwa mwajiri anayejulikana, hakimu anaweza kuamuru sehemu ikatwe hukohuko kabla haijamfikia mfukoni. Wanaosumbua ni wale wa kuchimba wenyewe, leo yuko Kawama, kesho Fungurume, utamkata nini? Wako ana karatasi ya mshahara.

Ya Kasumbalesa: usionyeshe kitu hicho mpakani. Watakuuliza maswali usiyoyataka. Ukipata uamuzi wa tribinali kwamba ulinzi wa mtoto ni wako, omba hakimu aseme humo na habari ya safari, ndio utakaobeba.

Kijana_wa_Kenya alijibu:

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo, Mama: kalamu iweke chini. Mimi nilisema.

Mama_wa_Katuba alijibu:

Ulisema, kijana, utapewa soda.

Mdogo wake alikuja asubuhi kuchukua karatasi. Nikamwambia naisoma bado, mimi msomaji wa polepole. Alikaa, akanywa chai, akaondoka na maneno mengi.

Swali la mwisho, Grefye, kisha nawaacha: sina pesa ya avoka kwa sasa. Nikifika pale naanzia wapi?

Grefye_Mstaafu alijibu:

Nenda asubuhi, kabla jua halijakaa sawa, maana foleni ya grefe haina huruma. Beba akti ya kuzaliwa ya mtoto, kitambulisho chako, karatasi za shule na za hospitali za mwaka huu, na kopi ya ile ya kurasa mbili. Kopi, narudia. Ya asili iache kwa mtu unayemwamini, si nyumbani kwako ambako mdogo mtu anakunywa chai.

Kwa avoka, uliza baro (chama cha mawakili): wana ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Kabla ya hapo pitia komini, ofisi ya mambo ya jamii, wakupe karatasi ya kutojiweza. Ukiuza makala usiogope kuiomba, hawatakuuliza kwa nini una simu. Na yule mchumba wako asije naye siku ya kwanza. Aje baada ya ndoa, na faili lake la kuasili, hilo ni dirisha lingine.